Dagaa wa Mama Minza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa msichana wa umri wako, nimejaa wokovu na kujiona. Kanisa letu hapa Igogo lilikuwa na siku ya watoto wa mtaa, kama hii mnayoiendesha ninyi sasa. Mtoto hakuulizwa dini. Anaimba, anafundishwa, anakunywa uji, anarudi kwao. Sisi vijana tulijitolea kufundisha, na jikoni alikuwapo Bibi Nyamizi, mama asiyecheka ovyo.

Mimi niliwekwa mlangoni kupokea watoto. Niliipenda hiyo kazi, maana mlangoni ndipo unapoonekana.

Akaja Minza, binti wa miaka minane hivi, anatoka ziwani mbio, magamba yamemganda mikononi. Weee, ananuka dagaa! Nami nina gauni jipya. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe, nenda kaoge kwanza. Hapa ni nyumba ya Mungu." Watoto wakacheka. Akasema, "Sawa, dada," akageuka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Bibi Nyamizi akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamweleza, tena kwa kujisifu, kwamba nalinda usafi. Akanivuta jikoni, akafungua ndoo ya unga wa uji, akanisogezea puani.

"Nusa."

Mahindi, karanga, na dagaa.

"Hao dagaa anatuletea nani?"

Sikujua. Kila wiki nilikunywa ule uji na sikuwahi kuuliza.

"Mama Minza," akasema. "Hasali kwetu, lakini kila Ijumaa anatutengea kopo zima la sado, eti watoto wa watu wasishinde njaa. Na anayewageuza hao dagaa juani ni huyo uliyemfukuza. Sasa nenda wewe ukaoge."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni ile ile nikashuka ufukweni. Minza alikuwa amepiga magoti mchangani, anakusanya dagaa wakavu. Aliponiona, akaficha mikono mgongoni. Jamani, ile mikono! Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe, nilikukosea." Akanitazama, akauliza, "Dada, ni sabuni gani inayoondoa harufu?"

Nililia, sikufichi. Mama yake, aliyekuwa hapo kando, hata hakunigombeza. Alinirushia tu pembe ya turubai la kuanikia dagaa, "Shika huko, tukunje," nikashika.

Minza alirudi. Lakini kwa muda mrefu alisubiri wenzake waondoke ndipo apokee kikombe chake, na hilo sikuweza kulifuta kwa msamaha wowote.

Jana nilikuona na daftari lako, unawapanga watoto wapigwe picha, wenye viatu mbele, pekupeku nyuma. Sikutaka kukusema mbele za watu, maana najua inavyouma. Leo nakusema. Mtoto akifika, mpokee alivyo. Kama ni kunawa, mnawe wote, na wewe ukiwa wa kwanza. Uliza jina lake, uliza mama yake anashinda wapi. Na kabla hujamrudisha yeyote nyuma, jua kwanza kilichomo kwenye kikombe unachokunywa.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki kazi yako ya Jumamosi, na asiwepo mtoto hata mmoja mtaani hapa atakayekuona ukija akaficha mikono yake.