Pini Mdomoni mwa Redio

Mtaani walimwita mama huyu Redio, na hakuna aliyemsingizia. Alikuwa fundi wa nguo mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi; ulikwenda kwake kupunguza sketi, ukarudi na habari za ukoo mzima.

Binti yake wa pekee, masikini, alikuwa hasemi hata akikanyagwa. Angesema saa ngapi? Mteja akimwuliza, "Hujambo, mwanangu?" Redio alikuwa ameshajibu, "Hajambo, ana mafua tu."

Siku moja mwalimu akamwita Redio shuleni. Mtoto anajua masomo yake vizuri, alisema, ila akisimamishwa darasani hafungui mdomo. Kisha akamgeukia mtoto mwenyewe: "Unaogopa nini, mwanangu?"

"Anaogopa kukosea," Redio akajibu.

Mwalimu akamtazama tu. Njiani kurudi nyumbani ndipo Redio alipoelewa. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, kumbe ndiye aliyekuwa akimziba mdomo.

Tangu hapo, mteja akibisha hodi, Redio alibana pini midomoni, kama fundi anayekunja pindo, akamwonyesha mtoto kwa kidole, ajibu yeye. Kwake ilikuwa adhabu. Mtoto naye aliinama akatazama sakafu, na wateja wakajijibu wenyewe.

Kisha jirani muuza vipodozi akaja kuchukua gauni la sherehe.

"Gauni langu tayari?"

Gauni halikuwa na mkono mmoja. Redio alikuwa na visingizio chungu nzima, kuanzia umeme hadi uzi. Akazing'ang'ania pini zake.

"Bado, shangazi," mtoto akasema polepole. "Jana mama alikuwa anashona mkono, ukaja, mkapiga soga mpaka jioni."

Jirani akageuka. "Fundi, ni kweli hayo?"

Mtoto alimtazama mama yake kwa hofu. Redio angeweza kucheka, akawasema watoto wa siku hizi, na binti yule asingefungua mdomo tena mbele ya watu. Badala yake akaitikia kwa kichwa, mara mbili, aibu imemjaa na machozi yanamlengalenga kwa furaha.

Jirani akamwinamia mtoto. "Haya, mwanangu, niambie wewe. Nije lini?"

"Kesho asubuhi," mtoto akasema. "Lakini usikae, shangazi."