Safari ya Tanga hadi Kwao Mama

Mama alikuwa na lugha aliyoizungumza na mimi tu. Baba, mtu wa milimani kule Rurambo kwenye ng'ombe, hakuijua, na majirani zetu wa Uvira walisema Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili. Lakini tulipobaki wawili, tukitwanga muhogo, Mama alinisemesha Kibwari, lugha ya kwao Ubwari. Ubwari ni ile rasi ndefu inayoingia ziwani mbali kusini ya Uvira, ukishapita kijiji cha Makobola. Wakati ule barabara haikufika huko kabisa. Nilikuwa msichana mkubwa ndipo nikajua kwamba Mama aliondoka kwao bila ruhusa, akamfuata Baba, na ndugu zake wakatangaza kwamba amekufa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kiangazi kimoja habari zilifika kwamba ndui imeonekana vijiji vya Ubwari. Dispanseri ikataka kupeleka chanjo. Boti ya Leta, yaani ya serikali, yenye mashine ilikuwa imeharibika, kwa hiyo wakamwomba baba yangu mdogo, aliyekuwa na mashua ya tanga. Yeye naye alizaliwa Rurambo, lakini alishuka ziwani siku moja kununua chumvi na hakupanda tena mlimani. Watu wa Makobola ndio waliomfundisha maji na upepo.

Muuguzi aliyechaguliwa alikuwa kijana wa Nyakabere, mtoto wa wakulima wa tambarare ya Ruzizi. Hakuwahi kukanyaga mashua. Alikuja kwetu kuuliza kama kuna mwanamke anayejua lugha ya kule, maana safari iliyopita wanawake wote walikimbia.

"Iko huyu wangu," Mama akasema, akininyooshea kidole.

Baba akatoka nje, akapasua kuni hadi jioni. Asubuhi ya safari Mama alinifunga kikwembe vizuri kiunoni, akaniambia polepole, "Usiwaambie weye iko mutoto ya nani. Fanya kazi, urudi."

Tulikuwa watano: baba mdogo, wapiga makasia wawili, muuguzi na mimi. Alfajiri upepo mwepesi ulishuka kutoka milimani ukatusukuma, tanga likajaa kidogo tu. Ukifika mchana, upepo wa kusini ulitukabili usoni, tukashusha tanga, na makasia yakaanza. Tulikwenda hivyo siku nne, tukishika ukingo. Jioni tulivuta mashua kwenye kokoto, tukachoma samaki wa mikeke na kupika bugali. Mpaka leo nikisikia harufu ya mukeke juu ya makaa, naona vile vilima vikigeuka bluu na wale wanaume wakicheka.

Aliyecheka kidogo ni muuguzi. Alilala sakafuni mwa mashua, amekumbatia sanduku la dawa, akinyanyuka kutapika tu. Lakini kila baada ya muda alichovya kitambaa ziwani akakitandika juu ya sanduku, dawa isipate joto. Hata siku moja hakusahau.

"Nikifa," aliniambia, "mwambie mama yangu nilikuwa kazini."

"Hauwezi kufa," baba mdogo akajibu huko nyuma kwenye usukani. "Mwenye kufa ni yule anasimama-simama. Weye lala tu."

Siku ya nne tukazunguka ncha ya rasi. Milima ilishuka moja kwa moja majini, na maji yalikuwa safi hata niliona samaki wakipita kati ya mawe. Kijiji cha kwanza kilikuwa juu kidogo ya mchanga, katikati ya michikichi. Walipoona tanga na sanduku, watu wote walipanda mlimani. Walidhani tumekuja kwa kodi, au kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Moshi wa vyakula vyao ulibaki ukitoka peke yake.

Niliingia majini hadi magotini nikaita kwa lugha ya Mama. Nikasema tumeleta dawa ya ndui, hakuna mtu atakayechukuliwa. Hakushuka mtu. Kisha mtoto mchanga akaanza kulia huko juu, na mimi, bila kufikiri, nikasema neno ambalo Mama alitumia kuwanyamazisha wadogo zangu. Mtu akacheka. Wakaanza kushuka mmoja mmoja.

Muuguzi aliketi juu ya jiwe, bado dunia ikimyumbisha, akachanja mikono mpaka jua likapita utosini. Wa mwisho katika mstari alikuwa mwanamke mrefu, mwenye paji jembamba la uso kama la Mama. Alikataa kutoa mkono.

"Lile neno la mtoto," akaniuliza, "nani alikufundisha?"

"Nililisikia sokoni Uvira."

"Sokoni haliko. Mama yetu alilitunga mwenyewe. Lilikuwa la nyumba yetu tu."

"Anasema nini?" muuguzi akauliza.

"Anasema anaogopa sindano."

Yule mwanamke hakuniondolea macho. "Mkono nitautoa ukisema kweli."

Nikasimama pale na maneno ya Mama masikioni, usiwaambie. Nikafikiria ndui. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Aliuliza jambo moja tu: yuko mzima? Nikasema yuko mzima, ana watoto watano, mimi ndiye wa kwanza. Akanyoosha mkono, akachanjwa bila kuutazama, kisha akakaa mchangani.

"Ni mimi niliyesema amekufa," akaniambia. "Baba yetu alikuwa mgonjwa, alikuwa akimwita yeye tu usiku na mchana. Nilikasirika. Neno likanitoka mbele ya watu, wote wakalishika. Sikujua namna ya kulirudisha."

Tulibaki siku mbili tukingoja watu wa mashamba ya mlimani. Alinilisha kana kwamba nilikuwa sijala tangu nizaliwe, akaniuliza mambo madogo madogo: kama Mama bado analalia tumbo, kama bado anafunika mdomo akicheka. Asubuhi ya tatu, tukisukuma mashua, alikuja na mkeka na kikapu cha samaki wakavu. Akaingia majini, akapanda bila kuomba.

Baba mdogo akanitazama. "Huyu nani?"

"Mama Mkubwa."

"Akae kushoto," akasema, "mashua ilale sawa."

Kurudi kulikuwa siku moja na nusu. Upepo wa kusini ulikuwa nyuma yetu, tanga limevimba, kamba zikilia. Muuguzi alikaa wima kwa mara ya kwanza, sanduku tupu kati ya magoti, akawapungia mkono watu wa Makobola tulipopita. Katika maisha yangu yote sijaenda tena kwa mwendo ule, wala sijakaa tena na watu waliofurahi hivyo bila kusema.

Tulipofika Uvira, Mama alikuwa akianika ndagala juu ya mkeka ufukweni. Alimwona dada yake akishuka. Akaendelea kutandaza samaki. Mama Mkubwa akaenda upande wa pili wa mkeka, akapiga magoti, naye akaanza kutandaza. Walikutana katikati.

"Umezeeka," Mama akasema.

"Na weye vilevile."

Ndipo wakalia, wameshikana kwa mikono yenye magamba ya samaki. Mimi sikugombezwa kamwe kwa kuvunja agizo lake.

Mama Mkubwa alikaa kwetu hadi mvua za kwanza. Kiangazi kilichofuata Mama alikwenda kwao kwa mashua ya baba mdogo, akakaa miezi mitatu. Baba, ambaye maji aliyatazama siku zote kutoka mbali, alichoka kumngoja. Akapanda mashua mwenyewe, akiwa amevaa koti lake la kanisani, akaenda kumchukua. Walimpokea, wakamkalisha na wazee, wakamlisha samaki mpaka akaomba maziwa. Aliporudi alitusimulia habari hiyo mwezi mzima, kila mara akiongeza mawimbi.