Kocha wa Mabeki Aliyetokea Getini

Habari ilinifikia nikiwa kwenye basi la kampuni ya ulinzi, tukipita mtaa wa Al Sadd hapa Doha, wenzangu wakisinzia na kofia zao mapajani: kocha wa mabeki wa timu ya chuo ninacholinda geti amefariki. Moyo, ghafla, asubuhi kabla ya mazoezi. Nyinyi mnaonisoma kila wiki sitawaficha. Nililia, tena sana. Lakini kabla ya chozi la kwanza kuna kitu kibaya kilichoninong'oneza: sasa ile nafasi iko wazi. Mungu anisamehe.

Nilimwonea wivu miaka mitatu mizima. Tulifika Doha pamoja, tukavaa sare moja ya usoja, kazi ya ulinzi, tukapangwa geti moja la chuo hicho. Ndoto ya ukocha ilikuwa yangu mimi. Muaither nzima tunakolala walishachoka kuisikia. Yeye, kijana mpole wa Busia, alikuwa anachungulia tu mazoezi kupitia waya. Siku moja mabeki wawili walimwacha mshambuliaji apite katikati yao, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Zamu yake ilikuwa imeisha. Sasa, kwetu masoja huondoki lindoni mpaka anayekupokea atamke kwa mdomo wake, "Nimepokea." Asipotamka, lindo bado ni lako, hata basi lipige honi namna gani. Basi akanikabidhi geti, nikasema nimepokea, akaenda moja kwa moja kwa kocha mkuu, mzee wa Kitunisia tuliyemwita mudir, yaani bosi. "Mudir, hawa vijana hawakabidhiani!" Mzee akacheka, akamwachia filimbi awafundishe. Jioni hiyo nikawasikia Waarabu na Wahindi wakipiga kelele kwa Kiswahili kibovu, "Nimebokea! Nimebokea!" na hakuna mshambuliaji aliyepita tena.

Kutoka hapo alianza kuokota mipira, akapewa mabeki wa akiba, akasomea cheti, mwishowe chuo kikamwandika kazi. Mimi nikawa namfungulia geti. Kambini nikaeneza kwamba ana wasta, kwamba kuna mkubwa anamshika mkono. Huku ughaibuni ndivyo tulivyo: mwenzako akipanda, unaona amepanda juu ya mgongo wako. Kumbe alichokuwa nacho ni ile kanuni yetu ya getini, na mimi nilikuwa nayo vilevile.

"Soja wangu, bado unaota?" alikuwa ananiuliza akipita.

"Naota nikiwa macho, bana."

"Basi kuja Ijumaa uote ukikimbia. Nishikie mabeki wa akiba, mudir akuone."

"Ijumaa niko zamu."

Sikuwa zamu. Nilishinda kitandani nikitazama picha za timu yake kwenye simu. Aliniita tena mwezi uliofuata, nikadanganya tena. Mara ya tatu hakuniita.

Baada ya msiba nilimwendea mudir kuiomba nafasi. Hakunifukuza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Beki wa kulia akipanda kushambulia, nani anabaki na nani?" Nikamshukuru, nikarudi getini kwangu. Aliyejua jibu alikuwa ameniita mara mbili. Wivu wangu haukumpunguzia yeye hata beki mmoja. Ulininyima mimi mwalimu. Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kuna mtu unamwonea wivu, mfuate leo, umbebee mipira. Huyo ndiye anayejua njia ya pale unapotaka kufika.