Mkono wa Fundi Upesi

Mtaani wanamwita Fundi Upesi. Hutamkuta akishikiza nguo kwa uzi wa mkono kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. "Kushona mara mbili ni kazi ya wenye muda," husema. Ni kaka wa marehemu mke wangu. Tangu tumzike dada yake, nyumbani tumebaki mimi na yeye.

Kiharusi kilimkuta amekaa kwenye cherehani. Mguu ulirudi kiasi cha kuuburuta. Mkono wa kulia ukabaki ngumi. Na fundi asiyeweza kufungua kiganja hawezi kuongoza kitambaa chini ya sindano. Hilo lilimnyima usingizi, naye akaninyima mimi.

Mama wa mazoezi ya viungo akatuletea kidude chenye nyaya na vibandiko viwili. Akavibandika chini kidogo ya kiwiko. Ukibonyeza kitufe, umeme mdogo unaamsha mishipa ya fahamu, vidole vinafunguka.

"Ila kwanza ujitahidi mwenyewe," alimwambia. "Ukianza kuinua, ndipo umeme ukusaidie. Tunaufundisha ubongo, hatukifundishi kidude."

Upesi akawa anabonyeza tu. Kiganja wazi, kiganja ngumi, anacheka peke yake. Akizima, ngumi ile ile. Mama wa mazoezi akamnyang'anya kitufe, akanipa mimi.

Hapo vita vikaanza.

"Bonyeza, shemeji!"

"Inua kwanza."

"Nimeinua."

"Umeinua nyusi."

"Sijui dada yangu alikupendea nini!"

Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

Jana nilimtia kipande cha kitambaa kiganjani. Akajikaza mpaka jasho likamtoka. Nikatazama pembeni, nikarudi kutazama. Mkono ukapanda kidogo. Vidole viwili vikalegea, cha tatu kikafuata. Kitambaa kikaanguka sakafuni.

"Umeona? Ungekuwa unabonyeza hivyo siku zote!"

"Sijabonyeza."

"Acha uongo, mzee."

Nikamwonyesha kitufe. Kilikuwa mezani, mikono yangu mapajani. Akakitazama, akautazama mkono wake, mdomo ukamcheza.

"Sasa unangoja nini? Okota. Tena!"

Mara ya pili vidole viligoma. Akavitukana vyote, kimoja kimoja. Kisha akauburuta mguu hadi kwenye cherehani, akaketi, akaniambia nimletee nyaya huko huko.