Riwaya ya mapenzi iliyonikera hadi nikataka kuwadanganya wateja wa saluni Busia

Wakuu, salamu kwenu nyote, na mashemeji pia.

Siku zote mimi ni wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya. Leo nami naleta yangu. Sitaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika wako hai na mmoja akiona hapa atanipigia simu anitukane vizuri.

Twende kazi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Busia upande wa Kenya. Nilikuwa nimemaliza form four, nikapata kazi kwenye saluni ya mama mmoja, karibu kabisa na barabara ya kwenda mpakani. Sisi tulimwita Mama Saluni.

Kazi ilikuwa kusuka. Shida ni kwamba sikujua kusuka.

Wiki ya kwanza nilimsuka mwalimu mmoja mistari ikapinda hadi akarudi amefunga kitambaa. Mama Saluni hakunifukuza, Mungu ambariki. Alinipa kiti akasema niwasomee wateja, maana kichwa kimoja cha rasta kilichukua siku nzima na watu walikuwa wanasinzia.

Basi nikawa msomaji wa saluni. Msicheke, ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Riwaya nilizipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Zilikuwa za Kiingereza, mimi nazigeuza Kiswahili papo hapo, na kila mhusika namwekea sauti yake. Kwa hilo nilikuwa hatari.

Sasa kuna moja ilishika mtaa mzima. Dada anaitwa Vivian, ana duka la maua. Tajiri mmoja anamvisha pete, halafu anapotea wiki moja kabla ya harusi. Anatokea fundi seremala, mtu mpole, anamuuguzia mama yake hospitalini wiki tatu.

Wakuu, watu walikuwa wanakuja saluni na nywele ziko sawa. Wanakaa tu kwenye benchi.

Mmoja wao alikuwa Nekesa, rafiki yangu. Alikuwa anatoa samaki Port Victoria na kuuza Busia sokoni. Akimaliza kuuza, anakuja kusikiliza.

Nekesa naye alikuwa na watu wawili. Wa kwanza dereva wa trela, mwenye maneno matamu, aliyemuahidi ndoa kisha akaacha kupita Busia karibu mwaka mzima. Sasa alikuwa amerudi na zawadi, anataka jibu. Wa pili ni Barasa wa boda boda. Wakati huo boda boda ni baiskeli, wanavusha watu mpakani. Mama yake Nekesa alipougua, Barasa ndiye aliyembeba hadi hospitali na kumrudisha, mara nyingi tu, bila kelele. Naye alikuwa amemwomba ndoa, anangoja jibu.

Mnaona sasa kwa nini kitabu kilimshika.

Tukimuuliza atamjibu nani, anasema kitabu kikiisha atajua. Tulidhani ni utani. Halafu siku moja akaniambia taratibu, "Usiniongezee, usinipunguzie. Soma vile iko." Hapo nikajua yuko serious.

Jumapili baada ya kanisa nikasoma mwisho peke yangu, nijiandae.

Wakuu, nilikitupa chini ya kitanda.

Tajiri anarudi na gari jipya, anaomba msamaha kurasa mbili, Vivian analia, anaingia kwenye gari, kitabu kimeisha. Fundi hakupewa hata sentensi moja ya kwaheri. Nimefuatana na huyo mwandishi kurasa mia tatu, ananilipa hivyo? Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Na hofu ikaniingia. Mimi nilikuwa upande wa Barasa waziwazi. Nikachukua daftari nikaandika mwisho wangu, fundi anashinda, harusi kubwa, nikaukunja nikauweka ndani ya kitabu.

Jumatatu saluni imejaa. Nekesa ndiye yuko kwenye kiti, anasukwa. Nikafika mahali pa kubadilisha. Nikamwona kwenye kioo ananiangalia, ananiamini kabisa.

Nikashindwa. Nikasoma vile iko.

Nekesa akauliza, "Na fundi alienda wapi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Mtu amelala hospitali na mama yako wiki tatu, unaingia gari bila hata kumwangalia?" Akacheka. Alicheka kweli, hadi sote tukaanza. "Huyo Vivian ni mjinga. Na mimi nilikuwa karibu kuwa yeye."

Akasimama. Mama Saluni akamwambia kichwa bado nusu.

"Hiyo nusu itangoja."

Akatoka hivyo hivyo, upande mmoja rasta, upande mwingine nywele zimesimama wima, sisi wote nyuma yake hadi stage ya boda boda. Barasa alikuwa ameshapakia abiria, mama mmoja wa upande wa Uganda na mzigo wake.

"Barasa, ile kitu uliniuliza," Nekesa akamwambia. "Ni ndio."

Barasa akaachia baiskeli. Tukamdaka yule mama wa watu kabla hajafika chini. Wala hakukasirika. Alipiga vigelegele, akawa anasema webale, webale, yaani asante kwa lugha ya kwao, kama aliyechumbiwa ni yeye.

Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: nilidhani rafiki yangu atafuata kitabu kama kondoo, kumbe alikuwa anakisoma vizuri kuliko mimi mwenye cheti. Ningemsomea ule mwisho wangu mtamu, angeolewa huku akidhani ni Vivian aliyemchagulia.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Riwaya gani ilikukera hadi ukaitupa? Na wale mtakaomtetea Vivian, karibuni pia, ila mjue Nekesa ana simu siku hizi na anasoma kila comment. Barasa yuko pembeni yake, anamshikia miwani.