Mzee Aliyeiona Harusi Kabla ya Susu

Cheka ukitaka, lakini haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi, mchana kweupe, hapa Mbumbuni kwenye kibanda changu cha kuhariri video za harusi.

Siku hiyo nilikuwa namalizia harusi ya Mwende. Nyanya yake, Susu Kalunde, alishindwa kwenda kanisani kwa sababu ya miguu, akalia sana. Nikamwahidi ataiona jioni kwake nyumbani. Sasa kompyuta nayo ikaanza vituko. Picha inakuja safi, kidogo tu mistari ya kijani na zambarau, halafu giza. Nikabadilisha waya. Wapi! Nikaazima skrini ya jirani, mistari ikahamia huko. Nikachomeka waya wa skrini kwenye bodi kuu ya kompyuta bila kupitia kadi ya picha, ikatulia. Basi mgonjwa nikamjua, ni kadi, na bila kadi video haimaliziki. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikaribia kulia.

"Kijana, inazima ikipata joto," mtu akasema nyuma yangu. "Hebu angalia feni yake. Kuna mtu amejenga huko."

Ni mzee, kofia yenye unyoya wa kanga, amekaa kwenye kiti cha wateja. Aliingia saa ngapi? Nikafungua kompyuta. Ngai! Nyigu alikuwa amejenga kijumba cha udongo kwenye feni ya kadi, haizunguki hata kidogo. Nikakibandua, nikapuliza vumbi, nikawasha. Mistari hakuna!

Nilipomaliza video, mzee akaomba aione hiyo harusi. Niamini, sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo. Alipiga makofi, akatingisha mabega, akacheka peke yake. Ilipoisha nikageuka nimshukuru. Kiti kitupu, na kutoka hapo lazima unipite mimi.

Jioni, nikiweka skrini nyumbani kwa Susu, nikaona picha ukutani. Kofia ile ile, unyoya ule ule. Ni mume wake, alizikwa wakati Mwende akiwa bado mtoto. Nikamwambia Susu yote.

"Alicheka?" akauliza.

"Alicheka, Susu. Na akacheza."

Nilidhani atalia. Akajipiga paja. "Huyu mzee! Hata kaburini hana subira! Ameiona kabla yangu!" Nyumba nzima ikaangua kicheko, naye akanifokea nianze haraka.

Mpaka leo tukikutana ananituma: "Akirudi, mwambie aningoje, bado nabeba vitukuu."

Kwa hivyo sikia. Kompyuta ikikuletea mistari, angalia feni kabla hujakimbilia kadi mpya. Na mzee akiomba kuona harusi, mwachie kiti, usimuulize amepitia wapi.