Maji Aliyonyimwa Mama Tekla

Wenzangu mliokuwa wadogo wakati ule, tusidanganyane. Tukikutana siku hizi tunawaambia wajukuu kwamba enzi zetu watu walipendana, jirani akiungua kidole mtaa mzima unampuliza. Wajukuu wanaitikia "ndiyo, bibi" huku vidole vinateleza kwenye simu, nasi tunazidi kutia chumvi. Mimi nimechoka kutia chumvi. Kuna jambo nina hasira nalo kwa zaidi ya miaka hamsini, na leo nitalisema.

Nilikulia Kitaya, karibu na mto Ruvuma. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amehamishiwa huko kutoka Njombe. Utamu wa maisha yale siukatai. Tulicheza rede uwanjani hadi mpira wa matambara unafumuka. Msimu wa korosho tulinyonya mabibo mpaka magauni yakaingia madoa yaliyoshinda kila sabuni. Jirani yetu, Bi Somoe, alituchemshia ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, tukaimenya ingali ya moto, tumejipanga kwenye mkeka wake. Yeye alikuwa Mwislamu, kama karibu kijiji kizima. Wakristo tulikuwa familia chache za watumishi wa serikali, na Jumapili tulisali katika chumba cha darasa la pili, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto.

Miongoni mwao alikuwa bwana shamba, mtu wa Mbeya, na mkewe, Mama Tekla. Binti yao Tekla nilikaa naye dawati moja. Mama Tekla ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi, maana mama yangu hakuwa na subira na kichwa changu. Alikuwa akisuka anaimba, na sauti yake, jamani, ilikuwa sauti.

Sauti hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mama yangu aliongoza kwaya miaka miwili. Krismasi ilipokaribia, mzee wa kanisa, tuliyemwita Mzee Yoeli, akampa Mama Tekla kazi hiyo. Mama alimeza uchungu. Kisha mtu akamletea maneno kwamba Mama Tekla amesema sauti yake inakwaruza kama bawaba ya mlango. Nani aliyeyaleta, mpaka leo sijui. Wala hakuna aliyejitokeza kuuliza kama ni kweli.

Kile kilikuwa kiangazi kikali, kisima cha kijiji kimebaki tope. Kisima chetu, alichochimba baba nyuma ya nyumba, bado kilikuwa na maji, na majirani wote walichota hapo. Asubuhi moja Mama Tekla akaja na ndoo yake kama kawaida.

"Mama Roza, umeamkaje?"

"Nimeamka na sauti yangu ya bawaba," mama akajibu. "Kachote maji huko wanakoimba vizuri."

Mama Tekla akacheka, akidhani ni utani. Mama akavuta mfuniko wa mbao, akafunika kisima, akaukalia. Nilikuwa nimesimama pale na mswaki mdomoni. Nilimwona Mama Tekla akiacha kucheka.

Baba aliposikia alisema ni mambo ya wanawake, akachukua chaki zake akaenda shuleni. Aliyejaribu kupatanisha ni Bi Somoe. Aliwaita wote wawili nyumbani kwake.

"Wanangu, mnasali chumba kimoja," alisema. "Mnashindwaje kuchota kisima kimoja?"

"Aniombe radhi, atachota," mama akasema.

"Nitaombaje radhi kwa neno nisilolisema?" akauliza Mama Tekla.

Wakaondoka kila mtu na njia yake. Jumapili mbili mfululizo waliimba katika chumba kile kile, nyimbo za kumpenda jirani, bila kutazamana. Na sisi watu wa kanisa tulisikiliza, tukasema amina.

Wiki ya tatu mamba alimkamata Mama Tekla mguu akichota maji mtoni. Wavuvi walimnasua kwa makasia na mapanga, lakini alikuwa amevuja damu nyingi mno. Alikata roho kabla ya kufikishwa zahanati.

Mama alikuwa akichagua mchele habari ilipofika. Aliweka ungo chini taratibu, akatoka pekupeku. Yeye na Bi Somoe ndio waliomwosha marehemu. Vijana wa Kiislamu wakachimba kaburi.

Kwenye ibada Mzee Yoeli alisema Bwana amempenda Mama Tekla kuliko sisi, amechuma ua lake. Hapo mama akasimama.

"Mzee, naomba usimsingizie Mungu," alisema. "Mungu alimpa maji hatua chache kutoka mlangoni kwake. Mimi ndiye niliyeyakalia."

"Mama Roza, keti. Una uchungu."

"Sijamaliza." Akamgeukia bwana shamba. "Shemeji, sikuombi unisamehe leo. Nataka watu wasikie, asije mtu akasema ni mapenzi ya Mungu."

Kuanzia kesho yake, kila alfajiri, mama alimpelekea bwana shamba ndoo mbili za maji, akaziacha mlangoni. Yeye hakusema asante, wala hakuyamwaga. Ikawa hivyo hadi alipohamishwa. Siku ya kuondoka, Tekla alinipungia mkono kutoka juu ya lori. Baba yake alitazama mbele.

Kwa hiyo vijana, msidhani tulikuwa malaika. Mnaondoana kwenye kundi la WhatsApp kwa neno mliloletewa, mkijiona mmevumbua kitu. Sisi tulifanya hayo hayo bila umeme.

Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Chuno, mtaa ninaoishi sasa. Alikuwa ameugua muda mrefu. Wenzake walikuwa wamemtenga kwa maneno ya kuletewa, na mimi sikuwa nimefika kwake hata mara moja, eti magoti yananiuma. Msibani tulivaa fulana zenye picha yake, waliomtenga ndio waliozigawa. Mhubiri akasema Bwana amechuma ua lake. Maisha yetu ni mvuke, sote tunajua, tunayasoma hayo kila mazishi. Lakini mvuke huo tunautumia kununiana, kisha lawama tunamtwika Mungu.

Enzi zetu upendo haukuwa mwingi kuliko leo. Ila palikuwa na mwanamke mmoja aliyeweza kusimama akasema ukweli mbele ya jeneza. Siku ile Chuno nilingoja asimame mtu. Nilikuwa mkubwa kuliko wote pale, na ninayajua maneno yote ya kusema. Nikabaki nimeketi. Wakaleta pilau, nikala.